Tukimhamishia mzee mjini, kuku wake anamwachia nani?

nesi_wa_zamu (mleta uzi)

Shikamooni wakubwa, wengine habari za leo.

Nafanya uuguzi wa majumbani. Wagonjwa wangu wengi ni wazee: kiharusi, presha, sukari, magoti yaliyogoma, na wachache wa saratani ambao wamerudishwa nyumbani wakae na watu wao. Kuna jambo naliona likijirudia, tena kwenye nyumba zenye uwezo kuliko za maskini, na leo nimeamua nilitoe.

Watoto wakishajipata wanakwenda kijijini kumchukua mama. Nia njema kabisa. Mama anapewa chumba chake, choo cha ndani, king'amuzi kimelipiwa, dada wa kazi wa kumpikia uji. Kabla ya safari kuku wamegawiwa majirani, mbuzi kauzwa mnadani, paka kabaki na nyumba. Hakuna anayeona kama kuna lililotokea hapo. Wanaona wamefunga nyumba tu.

Baada ya miezi michache napigiwa simu: "Nesi, bimkubwa hali, halali, anataka kwao. Tunahisi presha." Naenda, napima, presha nzuri, sukari nzuri. Nikimuuliza mwenyewe hasemi kwamba ana upweke, wazee wetu hawana desturi ya kujilalamikia hivyo. Ananiambia, "Mwanangu, hapa sina kazi."

Fikirieni siku yake kule alikotoka. Jogoo anamwamsha, anafungua banda, anawahesabu, anawamwagia pumba, anagombana na mtetea aliyeng'ang'ania kuatamia kwenye kapu la nguo. Goti likiuma anaamka hivyo hivyo, maana asipowafungulia watapiga kelele mpaka mtaa mzima ujue. Jirani akipita wanaongelea mwewe aliyebeba kifaranga. Mjukuu akija likizo anapewa yai la kuondoka nalo. Vyote hivyo tunamwondolea siku moja, tunamkabidhi rimoti.

Watu wakisikia mnyama anamwondolea mzee upweke wanafikiria kumpakata paka. Kupakata ni kuzuri, sikatai. Ila ninachokiona mimi majumbani ni kwamba mgonjwa amechoka kuwa wa kulishwa yeye, kuogeshwa yeye, kugeuzwa yeye. Akipata kiumbe kinachomsubiri yeye ndiye akilishe, anapata sababu ya kuuliza saa ngapi sasa hivi. Wale wenye sababu hiyo nawakuta wameshaoga. Wale wasiokuwa nayo nawakuta wanautazama ukuta huku tivii ikijisemesha.

Hiyo ndiyo hoja yangu. Nani ana mzee nyumbani, na amefanyaje?

Pimbi_Mzee

Kwa hiyo nesi, cheti kitaandikwa: Panadol mbili kutwa mara tatu, kuku mmoja asubuhi?

nesi_wa_zamu

Kuku mmoja atakufa kwa upweke yeye mwenyewe. Andika watano na jogoo.

Kaka_Mkavu

Mleta mada nakuheshimu, lakini haya ni mambo ya Ulaya. Kule mzee anaishi na mbwa kwa sababu watoto wake wanamtembelea Krismasi kwa Krismasi. Sisi tuna ukoo. Mzee anataka wajukuu, siyo paka. Nina wasiwasi watu watausoma uzi huu, wamnunulie mama vifaranga, halafu wapate kisingizio cha kutokwenda kumsalimia.

nesi_wa_zamu

Kaka_Mkavu, hofu yako ina maana. Mnyama hajazi nafasi ya mtoto wa kumzaa. Lakini jibu hili kwa ukweli: mchana, saa nne mpaka saa kumi, hiyo nyumba ya mjini ina nani? Baba kazini, mama kazini, watoto shule, dada wa kazi yuko na simu yake. Ukoo upo, mchana haupo.

Na hao Ulaya na Marekani nao wamejifunza kwa kuumia. Wakuu niwape kisa ambacho wauguzi tunakipenda. Mwaka 1991 daktari mmoja kijana, Bill Thomas, alikuwa msimamizi wa tiba kwenye makao ya wazee yaitwayo Chase Memorial, mji mdogo wa New Berlin, jimbo la New York. Kila mzee alikuwa na dawa zake, kitanda safi na chakula kwa saa. Thomas akasema wanaowaua hawa ni watatu: upweke, kukosa la kufanya na kujiona hawajiwezi kwa lolote. Akaomba kibali, akaingiza mbwa wawili, paka wanne na ndege mia moja kwa mpigo. Ndege wamefika, matundu bado hayajafika! Ikabidi wafunguliwe ndani ya chumba cha saluni humo humo makaoni, wazee wakawa wanachungulia na kuvunjika mbavu kuwaona wauguzi wakihangaika. Baadaye wakaja sungura na kuku wa mayai.

Kilichofuata ndicho cha kusikiliza. Wazee waliodhaniwa hawazungumzi tena wakaanza kuulizia ndege wao. Waliokuwa hawainuki wakawa wanafika meza ya wauguzi kusema, mbwa nitamtembeza mimi. Walipolinganisha na makao mengine ya jirani kwa miaka miwili, dawa zilizoandikwa kwa kila mzee zilishuka hadi kama nusu ya za wenzao, hasa zile za kutuliza fujo na wasiwasi, na vifo vikapungua kwa asilimia 15.

Na Florence Nightingale, ambaye picha yake tunaikuta vyuoni kote, aliliandika hili kwenye kitabu chake cha uuguzi cha 1859: mnyama mdogo ni mwenza mzuri wa mgonjwa, hasa wa maradhi ya muda mrefu, na kama mgonjwa anaweza kumlisha na kumsafisha mwenyewe, ahimizwe afanye hivyo. Mwenyewe aliwahi kufuga bundi mdogo ambaye yeye alimwokoa kule Athens, Ugiriki, akawa anatembea naye mfukoni.

Ngosha_wa_Kahama

Bundi? Huyo mama angezaliwa kwetu asingefika miaka hiyo.

Nasema kwa utani lakini siyo utani. Huku Shinyanga, Mwanza na Geita tumewazika bibi zetu waliouawa kwa sababu ya macho mekundu tu, na macho mekundu yenyewe ni moshi wa kuni na wa kinyesi cha ng'ombe, miaka hamsini ya kupuliza jiko. Sasa chukua bibi mjane, anaishi peke yake, halafu mpe paka mweusi anayelala mlangoni na anayezungumza naye jioni. Jirani akifiwa na mtoto, mazungumzo ya kwanza kilioni ni ya huyo paka.

Kwa hiyo kabla ya kusema mzee apewe mnyama, angalieni mzee anaishi wapi na kati ya watu gani. Kwetu bibi akiwa na kuku au mbuzi yuko salama, huyo ni mtu mwenye mji. Akiwa na paka hasa wa rangi hiyo, au mbwa asiyebweka, kuna watu watamhesabia. Mimi bibi yangu nimempa mbuzi wa maziwa, na nimehakikisha mtoto wa jirani ndiye anayekuja kumsaidia kukata majani. Mtoto yule amekuwa shahidi wake mtaani.

nesi_wa_zamu

Ngosha, hili sikuliweka na ni zito kuliko yote niliyoandika. Huyo mtoto wa majani ni ulinzi kuliko ukuta.

Mkaa_Kibarazani

Assalaam alaykum. Nichangie kutoka Unguja.

Huku paka hana kesi. Mji Mkongwe wote ni wao, wanakula vichwa vya samaki Darajani na kulala juu ya mikeka. Kidini paka si najisi, hadithi inasema ni katika wanaokuzungukieni majumbani mwenu, na tunaijua ile ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula hadi akafa. Sahaba mwenyewe aliitwa Abu Hurayra kwa ajili ya kipaka chake. Bibi akiswali na paka akapita mbele ya mswala, hakuna aliyeshtuka.

Mbwa ni habari nyingine. Sisi ni Shafi, mate ya mbwa ni najisi nzito, unaosha mara saba, moja kwa udongo. Mzee ambaye hata udhu anasaidiwa, ukimletea mbwa wa kumlamba mikono umemuongezea dhiki. Mbwa wa ulinzi au wa mifugo ameruhusiwa, akae nje huko na apewe haki yake ya maji na chakula. Yule mtu aliyeshuka kisimani kumpa mbwa mwenye kiu maji alisamehewa dhambi zake, tusisahau hiyo nayo.

Kwa wazee wa huku naona njiwa ndio wenyewe. Mzee wangu ni mtu wa kibarazani. Rafiki zake wa bao wamekwisha, mmoja mmoja. Asubuhi anamwaga mtama, njiwa wanashuka kutoka juu ya paa, na watoto wa madrasa wakipita wanasimama. Hao watoto ndio wanaomsalimia sasa. Bila njiwa wangempita mbio.

Mtu akifikiria kasuku wa kijivu, afikirie mara mbili. Biashara yake ya kimataifa ya ndege wa porini imepigwa marufuku tangu mkutano wa 2016 wa CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe wa porini, na anaishi miongo mingi. Mzee wa miaka 75 akipewa kasuku mchanga, ajue anamrithisha mtu.

Mpiga_Hesabu

Mkaa_Kibarazani umegusa kitu ambacho kimepimwa. Waingereza wawili, Mugford na M'Comisky, mwaka 1975 walichapisha jaribio lao la Yorkshire: wastaafu 30 hivi wanaoishi peke yao, baadhi wakapewa ndege mdogo wa kwenye tundu, wengine ua la kwenye kopo. Waliopewa ndege ndio walioonekana kubadilika, na sababu mojawapo ilikuwa majirani na watoto kuja kumwona ndege na kupiga soga. Ndege alikuwa anawaita watu.

Lakini naomba nimwage maji kidogo, maana kwenye mada hizi watu hupaa.

Kuna takwimu maarufu ya Erika Friedmann, 1980, Marekani. Wagonjwa 92 wa moyo walifuatiliwa mwaka mmoja baada ya kutoka wodini. Kati ya 53 waliokuwa na mnyama nyumbani walikufa 3. Kati ya 39 wasiokuwa naye walikufa 11. Inavutia. Kisha Uswidi, 2017, timu iliyoongozwa na Mwenya Mubanga ilipitia kumbukumbu za watu milioni 3.4, ikakuta kwamba miongoni mwa wanaoishi peke yao, wenye mbwa walikuwa na hatari ya kufa pungufu kwa asilimia 33. Inavutia zaidi.

Sasa jiulize: nani anayefuga mbwa? Mwenye miguu ya kumtembeza, mwenye fedha ya kumlisha, asiye mgonjwa sana. Huenda afya ndiyo iliyoleta mbwa, siyo mbwa aliyeleta afya. Mwanasaikolojia Hal Herzog amelisema hili kwa miaka, kwamba tafiti nyingi za aina hii zinapingana na watu hunukuu zile tamu tu.

Zinazonishawishi mimi ni zile ambazo nani apewe mnyama iliamuliwa kwa kura. Italia waliwagawa wazee 144 wa makao ya kulelea: kundi moja ndege aina ya kanari, kundi la pili mmea, la tatu hawakupewa kitu, miezi mitatu. Wa kanari ndio waliokuwa na hali bora. Na kali kuliko zote ni ya Korea Kusini, iliyochapishwa 2016. Wazee 94, nusu yao hivi wakapewa nyenje watano wa kulea kwenye kizimba kwa wiki nane. NYENJE. Dalili za sonona zikapungua kuliko kwa wale waliopewa ushauri wa afya tu. Kupungua kwenyewe kulikuwa kwa kiasi, siyo muujiza, lakini nyenje hapakatwi wala hamfurahii mtu. Hapo hoja ya nesi kwamba kinachofanya kazi ni kuwa na wa kumtunza inapata nguvu.

Pimbi_Mzee

Nyenje watano! Kwangu wapo bure jikoni, mama mkwe aje tu.

Dada_wa_Coventry

Niko Uingereza, nafanya kazi ya kulea wazee makaoni, kazi iliyotuleta wengi huku. Nitie neno maana naona pande zote mbili.

Huku mbwa wa kutembelea wagonjwa ni jambo lililopangwa. Kuna shirika la Pets As Therapy, tangu 1983, linapima tabia ya mbwa kwanza: akivutwa mkia afanyaje, kikianguka kitu kwa kishindo afanyaje. Akifaulu, mwenye mbwa anajitolea kumleta makaoni na hospitali. Kwetu anakuja kila Jumatano. Kuna bibi mmoja hajui leo ni siku gani, mwezi gani, wala mimi ni nani, lakini Jumatano anaomba kuchanwa nywele. Nimeacha kushangaa.

Kuna lingine, Cinnamon Trust, lilianza 1985. Hawa wanamsaidia mzee ASITENGANE na mnyama wake. Mzee kavunjika nyonga, mbwa anataka kutembezwa, wanatuma mtu wa kujitolea. Mzee kalazwa, mbwa anatunzwa mpaka arudi. Mzee akifariki, mbwa aliyeahidiwa nyumba anaipata. Nimewaona wazee wakikataa kulazwa kwa sababu ya paka tu, na wakisaini ndani ya dakika moja wakihakikishiwa paka ana mtu.

Ila nesi, kuna kitu kinaitikisa hoja yako. Kuna roboti inaitwa PARO, kinyama cha manyoya meupe mfano wa mtoto wa sili, kaibuni Mjapani Takanori Shibata. Kanaitikia sauti, kanafumba macho ukikapapasa. Hakali, hakanyi, hakategemei mtu. Na wazee waliopoteza kumbukumbu kabisa wanatulia nako, wanakaimbia. Tena huko St. Louis, Marekani, 2008, walilinganisha mbwa wa kweli na mbwa wa roboti kwa wazee wa makaoni, upweke ukapungua kwa wote wawili. Sasa hapo kutegemewa kuko wapi?

Kaka_Mkavu

Eeh, nesi jibu hapo.

nesi_wa_zamu

Dada, umenikaba vizuri. Nadhani tunaongelea wazee wa aina mbili.

Mzee ambaye akili yake inakwenda inarudi, hajui kama amekula, huwezi kumkabidhi uhai wa kiumbe. Akisahau kumlisha kuku siku tatu umemkosea mzee na umemkosea kuku. Huyo anahitaji mguso, joto, kitu mkononi, na kama ni roboti basi roboti. Hata kanga iliyokunjwa kama mtoto mchanga nimeona ikimtuliza mtu. Na mgonjwa wa siku za mwisho ni hivyo hivyo, paka anapanda kitandani mwenyewe, mkono unabaki pale mgongoni pake, hakuna kazi yoyote.

Mimi nilikuwa namsemea yule mwingine, ambaye ndiye wengi wenu mnaye: mwili umepungua, akili nzima, na familia nzima imeshaamua kwamba kazi yake ni kupumzika. Huyo ukimpa kinyama cha betri atakutukana. Ningependa waliofanya jaribio lile la St. Louis waniambie baada ya mwaka ni yupi alikuwa bado anachukuliwa mezani.

Kwa hiyo narekebisha mipaka, hoja inabaki.

Bwana_Mifugo_Mstaafu

Nimesoma yote. Mmeongea mazuri, sasa mtu akienda kununua kesho bila kujua haya atarudi hapa analia.

Mbwa achanjwe kichaa kila mwaka, hata kama hatoki uani, na paka pia. Nchini kwetu Tanzania makadirio ni watu kama 1,500 wanaokufa kwa kichaa cha mbwa kila mwaka, na dalili zikishaanza hakuna dawa. Mzee akiumwa au kukwaruzwa: maji ya kutiririka na sabuni dakika kumi na tano kwa saa, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Siyo pilipili, siyo nywele za mbwa zilizochomwa.

Kuku: kideri. Hii ndiyo inayowavunja moyo wazee. Bibi amelea kuku ishirini mwaka mzima, kideri kinapita wiki moja, anabaki na banda tupu, na nimeona wazee wanaumwa kweli kwa hilo. Chanjo ya matone ya jichoni ni rahisi mno, inarudiwa kila baada ya miezi mitatu, na wanakijiji wanaweza kuchangiana chupa moja. Wewe uliye mjini tuma hela ya chanjo kabla ya kutuma hela ya pumba.

Mgonjwa ambaye kinga imeshuka, anayetumia dawa za saratani au mwenye VVU asiye vizuri kwenye dawa, asishike kinyesi cha paka wala vifaranga wachanga bila kunawa vizuri. Banda afagie mtu mwingine, lile vumbi halimfai hata mwenye pumu. Mwenye kisukari ambaye nyayo zimekufa ganzi asikae peku na paka mwenye kucha, kakwaruzo hakasikii mpaka kioze.

Na mbwa mdogo mchangamfu ni adui wa nyonga. Anapita katikati ya miguu, mzee chini. Kama ni mbwa, chukua mtu mzima aliyetulia.

Mbuzi mmoja wa maziwa aliyefungwa karibu na mlango ni mnyama bora kwa mzee mwenye nguvu kidogo, namuunga mkono Ngosha. Ana akili, anamjua mtu wake, anaita kwa sauti akichelewa kula, na halei kwenye kapu la nguo.

Mama_Chapati_Nakuru

Mimi ni wa Kenya, na nawashukuru kwa uzi huu. Baba yangu ni mgonjwa wa Parkinson, mikono inatetemeka, alikuwa mwalimu. Hakuna kitu kilimuuma kama kumwagika kwa chai mbele ya wageni. Akaanza kukataa wageni. Tulipopata sungura, nikagundua sungura hajali ukitetemeka. Majani yakidondoka anaokota chini. Baba anakaa nao pale nyuma saa nzima, na wazee wa kanisa wakija anawapokea huko huko, kwa sungura, wala hakuna anayeangalia mikono. Hela ya Inua Jamii, ile ya serikali kwa wazee, ikiingia, kitu cha kwanza anaulizia ni chakula yao.

Shida yetu ilikuwa moja: kijana wa familia alichinja mmoja sherehe ya kuzaliwa bila kuuliza. Tafadhali wekeni wazi nyumbani ni yupi wa kuchinjwa na ni yupi wa mzee.

Mkaa_Kibarazani

Hilo la kuchinjwa ni kubwa kuliko linavyoonekana. Huku Idi ikikaribia ugomvi ni huo huo, mbuzi wa bibi anakodolewa macho na watoto wake wote. Bibi yangu alimaliza kesi kwa kumpa mbuzi jina la marehemu shangazi. Hakuna aliyethubutu.

Pimbi_Mzee

Nimecheka peke yangu kwenye daladala.

Kaka_Mkavu

Nimelainika kidogo, nikubali. Swali langu ni la mwisho wa mambo. Mnyama naye anakufa. Mzee aliyefiwa na mume, kafiwa na marafiki, unamuongezea msiba mwingine?

nesi_wa_zamu

Ni kweli anaumia, na kosa tunalofanya ni kumcheka. "Bibi, paka tu huyo." Usiseme hivyo. Mwache azike, mwache amtaje, asubiri yeye mwenyewe aombe mwingine. Ndiyo maana pia kuku, njiwa na sungura wana faida: anakufa mmoja, kundi lipo, na kesho asubuhi bado wanadai mtama.

Kinachoumiza zaidi kwa ninavyoona ni kinyume chake, mzee anayelala macho akifikiria nani atamlisha mbwa wake akiondoka. Muulizeni mapema na mumjibu kwa jina la mtu. Kwa wagonjwa wa saratani hilo swali linatuliza kuliko mnavyofikiria. Mzee mmoja aliniomba niwe shahidi wakati anamkabidhi mjukuu ng'ombe wake mmoja, kwa maneno rasmi kabisa, na mjukuu akajibu kwa maneno rasmi. Usiku huo alilala bila kuomba dawa ya ziada.

Mpangaji_Tabata

Jamani na sisi tulio ghorofa ya tatu? Mama yangu yupo kwangu tangu apate kiharusi, mkono wa kushoto haufanyi kazi, akili nzima kabisa. Mwenye nyumba hataki mnyama wa aina yoyote, ipo kwenye mkataba. Mama anashinda dirishani.

Mpiga_Hesabu

Samaki wa kwenye tangi la kioo je? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, mwaka 2002 waliweka matangi ya samaki kwenye vyumba vya kulia vya wagonjwa 62 wa Alzheimer, ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Wagonjwa wakawa wanakaa mezani muda mrefu zaidi, wakala zaidi na uzito ukaongezeka. Mkono mmoja unatosha kuwalisha. Ila umeme ukikatika sana pampu inasimama, chukua samaki wachache na wa kuvumilia, kama perege wadogo.

nesi_wa_zamu

Samaki ni sawa. Lakini mama huyo akili nzima, na mazoezi ya kushuka ngazi anayahitaji. Angalia chini ya ghorofa au nyumba ya pili, nani anafuga. Mnyama siyo lazima awe wake. Mwombe huyo jirani mama awe anakuja kulisha jioni, wewe uchangie chakula. Mtaa huu wa kwangu kuna babu analisha bata ambao siyo wake tangu nimfahamu, na mwenye bata akisafiri ndiye anayeachiwa ufunguo. Mwanzoni mshuke naye wewe, mkono wa kulia kwenye reli, ngazi moja moja, na kuwe na kiti cha kumsubiri kule chini.

Mpangaji_Tabata

Jirani wa chini ana kware, kama hamsini hivi, na analalamika vijana wa kuwahudumia wanamtoroka. Kesho jioni namsalimia.

Bwana_Mifugo_Mstaafu

Kware wanakula kidogo lakini mara nyingi, na maji yao yabadilishwe kila siku. Hapo mama hakosi kazi. Usiende mikono mitupu, beba kilo mbili za chakula.

Pimbi_Mzee

Na mayai mwambie mapema mnagawana vipi, nisije nikausoma uzi mwingine.